Ujira wa Mvunaji: Siku Moja Njiani kutoka Kibondo hadi Kasulu



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini juma lililopita ukurasa huu ulikaa kimya. Tulikuwa safarini, na tuliporejea tulikuja na jambo ambalo halikukubali kuandikwa upesi. Tumeona ni heri kuchelewa kuliko kuandika kwa hasira.

Ilikuwa siku ya kazi, mwishoni mwa Agosti, kiangazi kikiwa kimekomaa. Baada ya Misa ya alfajiri tuliondoka Kibondo kwa gari dogo la parokia kuelekea Kasulu. Tulikuwa watatu: sisi wenyewe, katekista wetu, na mama mmoja aliyekuwa akienda kumtazama binti yake hospitalini Kabanga. Safari yenyewe ni ya kilometa zaidi ya mia moja. Wenye umri wetu mnaikumbuka barabara ile ilivyokuwa zamani: kiangazi vumbi jekundu hadi ndani ya koo, masika utelezi wa kulaza malori njiani siku mbili, na kuna miaka ambayo magari yalisubiriana na kusindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Sasa mradi wa barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wenye urefu wa kilometa zipatazo 260, umeleta lami mahali ambapo wazee wetu walikuwa wameshakata tamaa ya kuiona. Tumshukuru Mungu, na tuwashukuru waliojenga.

Tulipokuwa tukijaza mafuta kabla ya kuondoka, tulikutana na wageni wawili kutoka Ulaya, mume na mke, wazee waliostaafu, wakisafiri kwa gari ambalo ndani yake lina kitanda, jiko, meza ya kulia chakula na tangi la maji. Ni nyumba kamili iliyowekwa juu ya magurudumu. Walikuwa wametokea upande wa Nyakanazi na wanaelekea Kigoma kuliona Ziwa Tanganyika. Katekista wetu alilizunguka gari lile mara mbili, akachungulia dirishani, akasema kwamba hata konokono angeona wivu. Tulizungumza nao kidogo. Yule mama mzee, kwa upole kabisa na bila dharau, akatuambia kwamba tangu jana wanapita katika nchi tupu: mashamba makavu, vilima vilivyoungua, na hakuna mtu shambani. Akauliza, “Watu wanaolima hapa wako wapi?”

Tulimjibu kwamba mavuno yamekwisha, na mvua zitarudi mwezi wa Oktoba, ndipo ataona watu. Ni jibu sahihi. Ila lile swali lilipanda nasi garini, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limegeuka kuwa swali jingine.

Nchi yetu ya Buha wakati wa kiangazi haijipambi kwa ajili ya mgeni. Nyasi zimechomwa, na milima imebaki na mabaka meusi kama ngozi yenye upele. (Kuhusu uchomaji huu wa moto ovyo tumekwisha kusema mara nyingi, na tutasema tena, leo tunapita.) Mabua ya mahindi yamesimama makavu au yamelazwa na ng’ombe. Migomba imekunja majani yake. Lakini anayeijua nchi hii huona mengine. Huona miombo iliyoungua juma lililopita ikianza kutoa majani mapya mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka. Huona muhogo uliovundikwa na kumenywa ukianikwa juu ya miamba na, siku hizi, pembezoni mwa lami, ambapo magari huupulizia moshi. Huona akina mama wakipura maharage kwa fimbo uani, na wanaume wakisukuma baiskeli zenye magunia matatu kupanda mlima. Huona bustani za kabichi na nyanya mabondeni, kijani kama utepe, mahali ambapo maji hayajakauka. Huko juu mitini iko mizinga ya nyuki, na asali ya Kibondo haihitaji sisi kuisifu.

Basi nchi si tupu. Watu wapo, na chakula kipo. Kuna magunia yaliyojaa na yaliyoshonwa, yamepangwa barazani yakimsubiri mnunuzi, na kila mkulima tuliyemsimamia kumsalimu alitulalamikia jambo lile lile: lumbesa. Mnunuzi hufika na gunia lake lililoongezwa kilemba juu, akalipa bei ya gunia moja na kubeba moja na robo. “Padri, wanatunyonya,” alisema mzee mmoja wa Busunzu, nasi tukamwambia kwamba ni dhuluma, kwamba vipimo vya uongo ni chukizo mbele za Mungu kama kitabu cha Mithali kinavyofundisha, na kwamba wakulima waungane wakatae. Tulisema kwa sauti kubwa. Mhubiri huona wepesi kukemea dhambi ya mtu asiyekuwapo.

Tulikuwa tumeshapita njia panda ya Nduta. Jina hilo halihitaji maelezo kwenu. Kambi ile ilifunguliwa upya mwaka 2015, wakati machafuko ya kisiasa yalipozuka tena Burundi na ndugu zetu wakavuka mpaka kwa maelfu. Huko mbele, karibu na Makere, iko Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Nyarugusu ilipoanzishwa sisi tulikuwa bado vijana, na kabla yake walikuja wa mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na kabla ya hao walikuja wa mwaka 1972. Hakuna kizazi cha Mkoa wa Kigoma kisichojua maana ya mtu kufika usiku akiwa na godoro kichwani. Hatusemi haya kwa kujisifu; mzigo huu umekuwa mzito kwa misitu yetu, kwa visima vyetu na kwa usalama wetu, na anayewalaumu watu wa hapa kwa kuchoka hajawahi kuishi hapa.

Mbele kidogo ya daraja la Malagarasi tulimkuta kijana ameketi pembeni ya barabara, miguu imejaa vumbi, jembe lisilo na mpini limefungwa kwenye mfuko wa salfeti. Aliponyosha mkono tulisimama. Katekista alimsalimu kwa Kiha, naye akajibu kwa Kirundi, na mazungumzo yakaendelea hivyo hivyo bila mkalimani, kwa maana lugha hizi mbili ni dada. Hata jina la Mungu ni moja: Imana. Alikuwa anakwenda Kasulu, na kutoka Kasulu atafute namna ya kufika Manyovu na kuvuka kurudi kwao.

Kijana huyo hakuwa mkimbizi wa kambini. Alivuka mwezi wa Novemba kama wanavyovuka wengi kila mwaka, kutafuta kibarua. Alipata mtu wa kumpokea, akapewa kibanda cha nyasi shambani, akalima. Alifyeka, akatifua, akapanda mahindi na maharage, akapalilia mara mbili, akalinda nyani, akavuna, akapura. Makubaliano yalikuwa shilingi laki moja na nusu na madebe mawili ya mahindi, yote yalipwe baada ya mavuno. Mavuno yalipokwisha aliambiwa bei ni mbaya, asubiri. Akasubiri Juni, akasubiri Julai. Mwezi huu wa Agosti mwenye shamba alimwendea jioni moja, akamwambia kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma kwamba amesikia maofisa watapita kijijini kukagua watu wasio na vibali, na kwamba kwa usalama wake ni heri aondoke usiku ule ule. Akaondoka. Hakuna ofisa aliyepita.

Hakuyasema haya kwa machozi. Alikuwa akiyasimulia kama mtu anayeeleza jinsi mvua ilivyochelewa. Mama aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyelia.

Tukamwuliza ni kijiji gani, na shamba la nani. Akataja kijiji. Jina la mwenye shamba alilijua nusu tu, lakini alieleza nyumba ilivyo, idadi ya watoto, pikipiki, na kigango ambacho familia ile husali Jumapili. Katekista alinyamaza, nasi tukanyamaza. Tulikuwa tunamfahamu mtu huyo. Ni Mkristo wetu, mtu wa jumuiya, mwepesi wa kujitolea. Kwenye Misa ya shukrani ya mavuno, mwezi Julai, alileta altareni magunia mawili ya maharage, na waamini wakapiga vigelegele. Sisi wenyewe tuliyabariki. Siku ile tuliyokuwa njiani, magunia yale yalikuwa bado katika ghala ya parokia.

Tufafanue jambo moja ili dhamiri za watu zisisumbuke: hatukuyajua haya katika kitubio, bali barabarani, na kijana alituruhusu tuyasimulie. Jina la mhusika hatutalitaja, na tunawasihi msianze kulibuni. Tunasema hivi kwa sababu kadiri tulivyouliza baada ya siku ile, ndivyo tulivyotambua kwamba mkianza kubuni mtabuni majina mengi, na mengi yatakuwa sahihi.

Hilo ndilo linalotufanya tuandike. Kama lingekuwa kosa la mtu mmoja tungemwita faraghani kama Bwana wetu alivyoagiza (Mt 18:15), na yangeishia hapo. Lakini hapa kwetu jambo hili limekuwa desturi yenye msimu wake, kama kupanda na kupalilia. Mtu huajiri Mrundi mwezi wa kumi na moja akijua kabisa kwamba mwezi wa saba atamtisha akimbie. Wengine huliita “kumkimbiza kibarua”, na husimuliwa kwenye vilabu vya pombe kama hadithi ya sungura. Watoto wetu wanacheka.

Mpendwa msomaji, Mama Kanisa hana maneno laini juu ya hili. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni akaaye katika nchi yako, alipwe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake unautegemea (Kumb 24:14-15). Mtume Yakobo anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unalia wenyewe, na kilio hicho kimefika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inapozitaja dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, inaweka katika orodha moja damu ya Abeli na dhuluma kwa mfanyakazi wa mshahara. Tulipokuwa seminarini tulikariri orodha ile kwa ajili ya mtihani. Wala si mafundisho ya jana: Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika Waraka wake wa Rerum Novarum mwaka 1891 akitetea ujira wa haki, na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne, alipochaguliwa mwezi Mei mwaka 2025, alieleza mwenyewe kwamba waraka huo ni sababu kubwa ya kuchagua jina hilo.

Tunajua majibu yatakayotolewa, maana tumekwisha kuyasikia. Jibu la kwanza ni kwamba watu hawa hawana vibali, na sheria inakataza kuwaajiri. Ni kweli kwamba nchi ina sheria zake juu ya wageni, na sisi hatumfundishi mtu kuzivunja. Lakini sheria hiyo haikusema kwamba kazi ya mtu asiye na kibali ni mali yako bure. Kama uliiogopa sheria, ungeiogopa Novemba ulipomkabidhi jembe. Kuikumbuka Agosti, siku ya kulipa, si utii. Jibu la pili ni kwamba bei zilikuwa mbaya na lumbesa imetumaliza. Hili linatugusa, kwa sababu umaskini wa wakulima wetu tunauona kwa macho. Hata hivyo aliyepatwa na hasara huweza kugawana hasara: angempa nusu, angempa madebe yake mawili, angemwambia ukweli. Kumtisha usiku hakutokani na bei ya maharage.

Na kuna jibu la tatu, ambalo halisemwi waziwazi, nalo ni kwamba hao si watu wetu. Hapa tunaomba wazee watusaidie kukumbuka. Wakati wa ukoloni, nchi hii ya Kibondo na Kasulu haikuruhusiwa kuwa na chochote isipokuwa nguvu za vijana wake. Walipakiwa kwenye malori na mabehewa kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakapewa namba mahali pa majina, wakaitwa manamba. Tangu mwaka 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba ya mkonge, iliyojulikana kama SILABU, iliyowakusanya watu kutoka wilaya zetu hizi, pamoja na Warundi hao hao, katika safari moja na kambi moja. Kadi ilikuwa ya siku thelathini za kazi, na siku ambayo msimamizi aliona kazi haikumalizika haikuandikwa kadini. Babu yetu mmoja alikwenda Tanga kijana, akarudi mtu mzima, na hadi anakufa alikuwa akihesabu siku zile ambazo hazikuandikwa. Leo wajukuu wa manamba tuna mashamba yetu, ni jambo la kumshukuru Mungu, nasi tumejifunza upesi kutoandika siku za wengine.

Katika Kitabu cha Mwanzo, Yakobo alikuwa mtu aliyekimbia kwao kwa kuhofia uhai wake, akamfanyia kazi Labani aliyekuwa mjomba wake, na Labani akaubadili ujira wake mara kumi (Mwa 31:7). Labani hakuwa mpagani wa kutisha. Alikuwa ndugu, alimkumbatia mgeni siku ya kwanza na kumwita mfupa wake na nyama yake. Tumekuwa tukilihubiri simulizi hili miaka yote tukimtazama Yakobo, Lea na Raheli. Juma hili tumemtazama Labani, na tumeona anafanana na watu tunaowafahamu.

Turudi barabarani. Tulifika Makere, tukanunua mkate na soda, tukala pamoja. Kabla ya kuingia Kasulu kijana aliomba ashuke, kwa kuwa hakuwa na karatasi na hakutaka kutuingiza matatani. Tulimpa shilingi elfu ishirini. Alizitazama, akazipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, “Asante, Padri. Lakini mimi sikuomba sadaka.” Akaingia njia ya mguu inayopita katikati ya mabua, na dakika chache baadaye hakuonekana tena. Yule mama mgeni wa Ulaya angepita hapo wakati huo angeona shamba kavu, tupu, lisilo na mtu.

Tumeyafikiria maneno yale kwa siku nyingi. Mapadri tumezoea kugeuza haki kuwa huruma, kwa sababu huruma hutufanya tupendwe na haki hutufanya tuogopwe. Kijana alikuwa akidai laki moja na nusu na madebe mawili. Sisi tulimpa elfu ishirini tukajisikia wema. Na yale maharage tuliyabariki bila kuuliza yalilimwa na nani, kwa miaka yote tuliyokuwa hapa, si mwaka huu tu. Katika hili hatumnyoshei kidole yeyote kabla ya kujinyoshea wenyewe.

Tuliporejea Kibondo tulimwendea mwenye shamba, peke yetu. Alitukaribisha vizuri. Mwanzoni alikana, kisha akasema kila mtu hufanya hivyo, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, mkewe akiwa amesimama mlangoni. Mwishowe mkewe ndiye aliyesema kwamba alimwonya tangu Juni. Siku ya tatu bwana yule alileta parokiani shilingi elfu tisini, akaahidi zilizobaki akiuza mahindi. Fedha hizo tumezipeleka kwa mapadri wenzetu walio karibu na mpaka, pamoja na jina la kijana na la kilima cha kwao, na wanajaribu kumtafuta kupitia maparokia ya ng’ambo. Huenda akapatikana, huenda asipatikane.

Magunia mawili ya maharage tumeyatoa ghalani na kumrudishia aliyeyaleta, usiku, ili asiaibike. Baada ya kushauriana na Halmashauri ya Walei tumekubaliana hivi: kuanzia msimu ujao, kabla ya Misa ya shukrani ya mavuno, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo itakutana Ijumaa yake, na kila kaya iliyotumia vibarua itasema mbele ya wenzake kama imewalipa. Ambaye hajalipa asilete kitu altareni mpaka alipe. Wajumbe wawili walipinga, wakisema tutakosa mavuno ya kutosha kumalizia paa la nyumba ya masista. Inawezekana wakawa na haki. Paa litasubiri, na masika hii tutaweka turubai.

Wenye mashamba mnaodaiwa na watu ambao bado hawajaondoka, ofisi ya parokia iko wazi Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa saba. Anayeona haya kuja mchana anajua tunapoishi.